Gari-nyumba kwenye baridi kali: kufuata njia ya joto kabla ya safari

Gari-nyumba, liwe lenye injini yake au karavani inayovutwa na gari jingine, lina karibu kila kitu kinachopatikana katika nyumba ya kawaida: mabomba ya maji safi, matangi ya maji machafu, jiko la gesi, friji, nyaya za umeme na vitanda. Tofauti ni kwamba vyote hivyo vimebanwa ndani ya kuta zenye unene wa sentimita chache, juu ya sakafu ambayo upepo hupita chini yake usiku kucha. Hali ya hewa ikiwa ya wastani, kila mfumo hufanya kazi kivyake, na msafiri anaweza kushughulikia maji bila kuwaza betri. Joto la nje likishuka chini ya sifuri, uhuru huo hukoma. Hita huchoma gesi, lakini feni inayosambaza joto huendeshwa na betri. Betri nayo hudhoofishwa na baridi ileile. Watu waliolala ndani hutoa mvuke unaolowesha kuta. Kuutoa mvuke huo kunadai tundu liwe wazi, na tundu lililo wazi hupitisha joto. Na joto likipungua, mabomba yaliyo mbali na hita ndiyo ya kwanza kuganda.

Kwa sababu hiyo, swali ambalo wengi huanza nalo, yaani wanunue hita ya ukubwa gani, linapaswa kuja baadaye. Linalotangulia ni kufuata njia ya joto ndani ya gari husika: linatoka wapi, linabebwa na nini, linafika wapi, na ni pembe zipi ambazo haliingii kabisa. Mtu anaweza kukaa mezani kwenye joto la nyuzi 20 huku bomba lililo nyuma ya kabati, hatua moja kutoka kwenye kiti chake, likiwa limeganda. Vipimo vyote vya joto katika makala haya ni vya Selsiasi.

Gari limeundwa kwa baridi ipi?

Maneno ya matangazo hayatoshi kujibu swali hili. Barani Ulaya kuna kiwango cha EN 1646, kinachohusu magari-nyumba yenye injini, ambacho hupanga magari kwa madaraja ya uwezo wa kuhifadhi joto. Gari la daraja la pili linapaswa kufikisha nyuzi 20 ndani wakati nje ni sifuri. La daraja la tatu linapaswa kufikisha nyuzi 20 hizohizo wakati nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri, na mfumo wake wa maji uwe unafanya kazi. Huko Amerika ya Kaskazini, magari mengi huuzwa kwa sifa ya kufaa misimu yote minne, lakini sifa hiyo kila kiwanda hujipa chenyewe, na magari mawili yenye maandishi yaleyale ubavuni yanaweza kutofautiana sana.

Vyovyote iwavyo, hakuna cheti kinachoweza kuchukua nafasi ya kulichunguza gari lenyewe. Tangi la maji safi liko ndani ya chumba, au limening'inia chini ya sakafu? Matangi ya maji machafu yamefunikwa na kupitishiwa hewa ya moto, au yako wazi? Mabomba yanafuatana na njia za hewa ya moto, au yanakata kona na kuambatana na ukuta wa nje? Fungua kabati la chini ya sinki alfajiri, kabla jua halijachomoza, piga magoti na upitishe mkono mpaka nyuma kabisa, pale bomba linapotoboa ukuta kuelekea bafuni. Mara nyingi mkono utaonja baridi ambayo thamostati, yaani kidhibiti joto kilicho katikati ya chumba, haijui lolote kuihusu. Hapo ndipo pa kuweka kipimajoto chenye kitambuzi cha waya au kisichotumia waya, na namba yake ndiyo ya kuitegemea kuliko ile inayosomeka ukutani.

Maji

Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Watu wengi hudhani bomba hupasuka pale barafu ilipo, lakini kwa kawaida barafu huziba sehemu moja, kisha inavyozidi kukua huyasukuma maji ambayo bado hayajaganda kuelekea kwenye koki iliyofungwa. Maji hayabanwi, kwa hiyo shinikizo hupanda mpaka kiungo kilicho dhaifu kiachie, na kiungo hicho kinaweza kuwa mbali kabisa na barafu yenyewe: kona ya plastiki, kichujio, kichwa cha pampu, au valvu ya choo. Ndiyo maana koki zilizofunguliwa wakati wa kumwaga maji huokoa mfumo mzima hata kama matone machache yamebaki ndani.

Upepo huwachanganya wengi. Utabiri unaposema kwamba baridi inahisika kama nyuzi 8 chini ya sifuri ilhali kipimajoto kinasoma nyuzi 2 juu ya sifuri, hesabu hiyo inahusu ngozi ya binadamu. Upepo hauwezi kulishusha bomba chini ya joto la hewa yenyewe. Unachofanya ni kulifikisha kwenye joto hilo haraka zaidi, na ndiyo sababu kuzungushia pazia zito sehemu ya chini ya gari lililoegeshwa kwa siku nyingi kunasaidia. Usiku wenye anga safi una hatari ya namna nyingine, kwa kuwa paa na vitu vilivyo wazi hupoteza joto kuelekea angani na vinaweza kuwa baridi kuliko hewa inayovizunguka.

Msafiri ana njia mbili, na ni vyema achague moja mapema. Ya kwanza ni kusafiri mfumo ukiwa mkavu. Maji yote humwagwa, hita ya maji ikiwamo, lakini baada ya kupoa na shinikizo kuondolewa, kwa kuwa maji ya moto yaliyo chini ya shinikizo huunguza vibaya. Kisha mabomba hupulizwa kwa kompresa ndogo, shinikizo lisizidi bar 2 au 3, koki moja baada ya nyingine, au hujazwa kimiminika cha kuzuia kuganda kilichotengenezwa kwa propilini glikoli kwa ajili ya mifumo ya maji ya kunywa. Kimiminika cha rejeta kilichotengenezwa kwa ethilini glikoli ni sumu na kamwe kisiingizwe kwenye mabomba hayo. Hita ya maji hurukwa kwa valvu zake za pembeni ili lita nyingi za kimiminika zisipotee ndani ya tangi lake. Sehemu zinazosahaulika ni zilezile kila mara: bomba la kuogea lililo nje ya gari, mahali pa kuunganishia maji ya kambi, chujio la pampu, na mpindo wa chini ya sinki ambao daima hubaki na maji. Katika maisha ya kila siku, maji ya kunywa na ya kupikia hukaa kwenye madumu ndani ya chumba, na choo hutumiwa kwa maji ya dumu au kimiminika hichohicho.

Njia ya pili ni kuutumia mfumo wa maji kama kawaida na kuulinda kwa joto. Inafaa pale tu ambapo tangi na mabomba vimo ndani ya sehemu inayopashwa joto. Milango ya makabati yenye mabomba huachwa wazi usiku. Tangi hujazwa, kisha mpira wa maji hutolewa, humwagwa na kuwekwa ndani, badala ya kuachwa umeunganishwa. Matangi ya nje yanaweza kufungiwa mikeka ya umeme ya kuyapasha, lakini mikeka hiyo hula betri, na hapo tunarudi kwenye mnyororo uleule. Valvu ya maji machafu ibaki imefungwa mpaka tangi lijae vya kutosha kumwagwa kwa mkupuo, kwa kuwa maji yanayochuruzika kidogokidogo huganda ndani ya mpira, tabaka juu ya tabaka, hadi yanauziba. Baadhi ya magari ya Ulaya yana valvu ya usalama inayofunguka yenyewe na kumwaga maji ya boila, yaani hita ya maji, joto linapokaribia nyuzi 3. Mwenye gari asiyeifahamu anaweza kudhani ina hitilafu na kuifunga kwa kibanio, akawa ameondoa kinga pekee ya boila lake.

Gesi na betri ni jambo moja

Mitungi miwili inayofanana kwa nje inaweza kutofautiana kabisa kwenye baridi. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, ilhali butani huchemka karibu na nusu nyuzi chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba kwenye usiku wa barafu, butani hubaki kimiminika ndani ya mtungi na haitoi mvuke wa kuwasha hita, hata kama mtungi ni mzito mkononi. Mchanganyiko wa gesi hizi una mtego wake: propani hutangulia kutoka, jiko huwaka vizuri siku ya kwanza, kisha butani hubaki chini na moto hufifia. Kwa safari ya baridi, mtungi uwe wa propani, na muuzaji aulizwe wazi kilichomo.

Kiasi kinachohitajika hakikisiwi, hukokotolewa. Kilo moja ya propani ina nishati ya karibu kilowati-saa 12.9. Tuseme gari linahitaji wastani wa kilowati 3 za joto mchana na usiku, jambo la kawaida kwa gari la ukubwa wa kati kwenye baridi kali. Mtungi wa kilo 11 una kilowati-saa 142 hivi, sawa na saa 47, na kwa kuwa sehemu ya joto hupotea kwenye bomba la moshi, utakwisha kabla siku mbili hazijatimia. Aliyezoea mtungi huohuo kumtosha wiki kadhaa za kiangazi kwa kupikia tu hushtuka. Mitungi miwili yenye kidhibiti kinachohamia mtungi wa pili chenyewe ni kinga nzuri, kwa sababu gesi ina desturi ya kuisha alfajiri, saa ambayo baridi ni kali zaidi.

Sasa betri. Feni ya hita ya hewa ya moto hutumia takriban ampea 7 kwenye mfumo wa volti 12. Ikifanya kazi nusu ya usiku wa saa 12, itakuwa imekula ampea-saa 42. Betri ya asidi na risasi ya ampea-saa 100 inapaswa kutumiwa nusu tu ili isiharibike mapema, yaani ampea-saa 50; nayo ikiwa kwenye sifuri hupoteza takriban moja ya tano ya uwezo wake, ikabaki na 40. Hita imekwisha kumaliza hesabu yote kabla taa, pampu na friji hazijaguswa. Betri ikishuka sana, feni hupungua kasi, hita hujizima kwa usalama wake, na gari hubaki na mtungi uliojaa gesi usio na msaada wowote. Katika magari mengi kinachoamua kama watu watalala kwenye joto ni betri, na ndiyo maana ningemshauri mtu mwenye fedha kidogo aiongeze betri kabla ya kufikiria hita kubwa.

Kila aina ya betri ina udhaifu wake. Betri ya asidi iliyojaa chaji haigandi mpaka baridi ipite nyuzi 50 chini ya sifuri, lakini ile iliyoisha inaweza kuganda kwenye nyuzi 8 hadi 10 chini ya sifuri na kupasuka ganda. Betri za lithiamu za fosfeti ya chuma huendelea kutoa umeme kwenye baridi, ila hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya sifuri, kwa kuwa lithiamu hujipaka juu ya elektrodi kama metali badala ya kuingia ndani yake, na madhara hayo hayarekebishiki. Ziwekwe ndani ya chumba chenye joto, au zinunuliwe zenye hita yake na mfumo unaokata chaji. Paneli za sola zisitegemewe kupita kiasi: mchana ni mfupi, jua liko chini, na theluji nyembamba tu hutosha kuzinyamazisha.

Mvuke, na hofu ya kufungua tundu

Hapa ndipo watu wengi hufanya kinyume cha kinachofaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Hewa ya moto hubeba mvuke mwingi kuliko ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 za mvuke. Ya nyuzi 10 chini ya sifuri haiwezi kubeba zaidi ya gramu 2.4. Mtu aliyelala hutoa takriban gramu 40 za mvuke kila saa kwa pumzi na ngozi, hivyo watu wawili kwa saa nane hutoa gramu 640. Gari lenye nafasi ya mita za ujazo 25 haliwezi kushika zaidi ya gramu 430 hivi hewani, hata kama hewa yake ingekuwa kavu kabisa walipolala. Kinachozidi lazima kitue mahali, na kitatua pale penye baridi zaidi: kwenye vioo, fremu za alumini, nyuma ya godoro, ndani ya makabati yaliyopakana na ukuta. Asubuhi huonekana matone kwenye vioo, lakini unyevu wenye madhara ni ule usioonekana, unaolowesha mbao ndani ya ukuta na kuotesha kuvu.

Kuziba kila tundu ili kulinda joto huzidisha tatizo hili. Tukokotoe gharama ya kuacha tundu wazi. Hewa ya nje inaingia na gramu 2.4, inatoka na gramu 10 kwa kila mita ya ujazo. Ili kutoa gramu 640 zinatosha mita za ujazo 85 kwa usiku mzima, yaani kumi na kidogo kwa saa. Kuipasha hewa hiyo kutoka nyuzi 10 chini ya sifuri hadi nyuzi 20 kunahitaji nguvu ya wati 110 hivi, ukilinganisha na kilowati 3 za hita. Tundu la paa lililofunguliwa kiasi cha vidole viwili, pamoja na njia ndogo ya kuingizia hewa chini, hula sehemu ndogo sana ya joto na hulinda gari zima.

Kinachobaki ni kuzuia nyuso zisipoe sana. Mapazia ya kuzuia joto yanayofungwa nje ya kioo cha mbele hufanya kazi vizuri kuliko ya ndani, kwa sababu huacha kioo chenyewe kikiwa na joto. Godoro liinuliwe juu ya chaga au wavu ili hewa ipite chini. Hita ndogo za gesi zisizo na bomba la moshi hazifai, na jiko lisitumiwe kamwe kupasha chumba: kila kilo ya propani inayoungua hutoa takriban kilo 1.6 za maji, na yote hubaki ndani pamoja na hatari iliyo kubwa zaidi.

Kaboni monoksidi

Gesi hii haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Aliyelala hahisi chochote cha kumwamsha. Wakati wa baridi hatari huongezeka kwa njia ambayo haipo kiangazi: theluji hupanda ubavuni mwa gari na kuziba bomba la moshi la hita, au huteleza kutoka paani na kulifunika. Kila jioni kabla ya kulala, na kila asubuhi baada ya theluji, bomba la moshi na matundu ya sakafuni yakaguliwe kwa macho na kusafishwa kwa mkono. Jenereta isiwashwe gari likiwa limezungukwa na theluji au pazia la chini. Kengele ya kaboni monoksidi ifungwe sehemu ya kulala kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, na betri zake zijaribiwe kabla ya safari. Kengele ya kuvuja kwa propani ni kifaa kingine na hufungwa karibu na sakafu, kwa kuwa propani ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Gari lenye kifaa kimoja tu kati ya hivi viwili halijakamilika.

Barabarani

Dizeli ya kiangazi ikipoa hutoa nta inayoziba kichujio, na injini hukataa kuwaka hata kama tangi limejaa. Maeneo ya baridi huuza dizeli ya msimu huo, kwa hiyo anayepanda kutoka sehemu za joto aingie na tangi karibu tupu na alijaze huko kabla ya kuegesha usiku wa kwanza. Hita za dizeli huchota kwenye tangi hilohilo na hupatwa na tatizo hilohilo.

Upepo wa matairi nao hushuka. Tairi lililojazwa bar 5.5 kwenye nyuzi 20 litasoma takriban bar 4.8 kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, na gari zito haliwezi kuvumilia upungufu huo. Alama ya kuangaliwa kwenye tairi la baridi ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Sheria hutofautiana: jimbo la Quebec nchini Kanada hulazimisha matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi, Ujerumani hulazimisha pale hali ya barabara inapodai. Minyororo ya matairi ijaribiwe kufungwa mchana, mahali pakavu, kabla haijahitajika gizani.

Kwenye maegesho, gari liachwe kwenye gia na magurudumu yawekewe vizuizi, kwa kuwa breki ya mkono iliyolowa inaweza kuganda ikiwa imekaza. Theluji iondolewe paani kabla ya kuondoka na hata wakati wa kukaa muda mrefu: paa la mita 7 kwa 2.2 lenye sentimita 20 za theluji yenye maji, ambayo mita yake ya ujazo huweza kufikia kilo 300, limebeba zaidi ya kilo 900, na bamba la barafu likiruka gari likiwa mwendoni huweza kuvunja kioo cha gari linalofuata.

Usiku wa majaribio

Maandalizi haya yote yapimwe usiku mmoja karibu na nyumbani, baridi ikiwa imeshuka chini ya sifuri, bila kuunganisha umeme wa nje. Vipimajoto viwili au vitatu viwekwe kwenye kabati la chini ya sinki, kwenye sehemu ya pampu na karibu na tangi; mtungi upimwe uzito jioni na asubuhi; chaji ya betri iandikwe wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Tofauti kati ya joto la nje na lile la kabati lenye baridi zaidi ndiyo inayoonyesha mpaka wa gari hilo. Iwapo nje palikuwa nyuzi 5 chini ya sifuri na kabati likasoma nyuzi 4 juu, usiku wa nyuzi 10 chini ya sifuri utalifikisha kabati hilo chini ya sifuri, na mfumo wa maji umwagwe kabla ya kufika huko.